Uzito wa Mtukufu Mwinuliwa

Nchi hii usiitafute kwenye ramani, maana wachora ramani wake walikamatwa kabla hawajamaliza mpaka wa kaskazini. Wala asije mtu akasema ni kwao. Kwao hakufanani na huku. Huku ni tambarare tupu, tambarare kiasi kwamba ukisimama juu ya ndoo unamwona shemeji yako akija kutoka wilaya ya pili, ukapata muda wa kutosha wa kuficha kuku.

Kiongozi wa nchi hiyo aliitwa Mtukufu Mwinuliwa, ingawa hakuwa ameinuliwa popote, kwa kuwa hapakuwa na pa kumwinulia. Alipokaribia kutimiza miaka thelathini madarakani, akaona sasa jina na mwenyewe vilingane. Akaagiza ujengwe mnara, na siku ya sherehe yeye apande mpaka kileleni mbele ya wananchi, aonekane na wilaya zote kwa mpigo mmoja.

Mnara haukuwa shida. Mnara ni matofali tu, na wafungwa walikuwepo wengi. Shida ilikuwa atapandaje. Ngazi zilikataliwa mapema, kwa sababu magoti ya Mtukufu yalikuwa yanauma, na kwa taarifa rasmi magoti yake hayakuwa na tatizo lolote. Kazi ikapelekwa Wizara ya Kunyanyua, ikashuka kutoka meza hadi meza, kila bosi akiisukuma kwa aliye chini yake, mpaka ikatua kwa Mhandisi Sikujua, ambaye chini yake hapakuwa na mtu.

Sikujua alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye tabia ya kufikiri kabla ya kujibu, jambo lililomchelewesha sana kupandishwa cheo. Hakuwa na mume wala mtoto. Aliishi na mama yake, Bi. Mwasiti, muuza mihogo ya kukaanga, mwanamke mnene kuliko wote mtaani. Unene wenyewe ulikuwa wa ukoo, si wa chakula, lakini katika nchi ile yenye njaa majirani hawakuamini, na mara kwa mara mtu aliingia ndani kwa kisingizio cha kuomba kiberiti ili achungulie uvunguni. Unene huo ndio uliomfanya asitambue ana mimba mpaka uchungu ulipomshika akiwa mbele ya karai la mafuta. Mkunga alipomuuliza mbona hakuja kliniki, akajibu, "Sikujua." Mkunga akaandika.

Asubuhi ya kikao, Katibu Mkuu wa Wizara, Bwana Ngwalida, alimpitia ofisini akiwa ameshika kibandiko.

"Mhandisi, hilo jina lako."

"Lina nini, bosi?"

"Unakwenda kusimama mbele ya Waziri. Utaulizwa swali, na hapo kifuani pameandikwa Sikujua. Hebu tufikirie na sisi wenzako."

Akambandua kile cha zamani, akambandika kipya. Kilisomeka MHANDISI NAJUA.

*

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Waziri wa Kunyanyua, Mheshimiwa Mbwilo, mtu wa shingo fupi na sauti nzito, ambaye hakuwahi kunyanyua kitu chochote isipokuwa mkono wakati wa kupitisha bajeti. Wajumbe wengine walikuwa wanakula sambusa.

Sikujua alitundika michoro mitatu ukutani. Ilikuwa michoro ya mwanzo, ya penseli, ile ambayo mhandisi huichora ili ajue anachokikataa. Wa kwanza ulikuwa barabara pana inayouzunguka mnara hadi juu, kiti cha Mtukufu kikisukumwa taratibu kwa magurudumu. Wa pili ulikuwa winchi ya umeme. Wa tatu ulikuwa mzani: kamba moja nene inapita juu ya gurudumu kileleni, upande mmoja umening'inia kiti, upande wa pili umening'inia kizimba chenye mizigo. Mizigo ikizidi, kizimba kinashuka shimoni, kiti kinapanda. Huu wa tatu aliuchora kujaza ukuta. Chuoni walimfundisha kwamba ukimpelekea mkubwa mawazo mawili tu, atadhani umeshamchagulia.

"Waheshimiwa," alianza, "kwa hatua hii kuna mambo bado hatuyajui."

Mjumbe mmoja alisimamisha sambusa katikati ya safari ya kwenda mdomoni.

"Hatujui udongo wa pale unabeba kiasi gani. Hatujui umeme utakuwepo saa hiyo. Na hatujui uzito wa... wa mzigo wenyewe. Kwa hiyo ombi langu ni tusichague moja leo. Tuchimbe udongo kidogo tuuone, tutengeneze vielelezo vidogo vya mbao, tujaribu. Na tukilazimika kuchagua kabla ya kujua, tuchague lile litakalotusamehe tukikosea. Kwa maoni yangu ni barabara. Barabara haijali mzigo ni mzito au mwepesi."

"Nani atakosea?" aliuliza Waziri Mbwilo.

"Yeyote, Mheshimiwa. Hata mimi."

"Wewe umeajiriwa ukosee?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi hilo limekwisha. Na hiyo barabara ni ndefu. Wananchi watamwona Mtukufu akisukumwa nusu ya siku kama mzigo wa makaa. Ondoa."

Bwana Ngwalida akauchana mchoro wa kwanza. Ukabaki wa winchi. Hapo Sikujua alieleza, kwa sauti ya chini, kwamba ili anunue mota ya winchi lazima aambiwe uzito wa Mtukufu, hata kwa kukadiria, kwamba si chini ya hapa wala si zaidi ya pale.

Aliyekuwa anarekodi kikao akazima kinasa sauti. Uzito wa Mtukufu ulikuwa siri ya nchi. Kiuno chake pia. Fundi cherehani aliyewahi kumpima kiuno alichukuliwa na gari pamoja na futi yake, na hadi leo mkewe hajaambiwa kama ni mjane.

"Umesema si chini ya hapa wala si zaidi ya pale," Waziri alisema polepole. "Yaani Mtukufu anaweza kuwa mwepesi na anaweza kuwa mzito kwa wakati mmoja. Wewe uko upande upi?"

Kama Sikujua angekaa kimya kidogo tu, pengine wangemfukuza kazi, na leo tusingekuwa na hadithi. Lakini aliogopa, na mtu akiogopa husema kitu chochote kilicho karibu na ulimi.

"Mheshimiwa, huu wa tatu hauhitaji kujua uzito. Unaongeza mizigo kidogo kidogo upande wa pili mpaka kiti kinyanyuke. Kikinyanyuka, basi. Hakuna aliyemuuliza mtu kilo zake."

Waziri Mbwilo aliuangalia mchoro wa tatu kwa mara ya kwanza.

"Mizigo gani?"

"Mawe. Au mifuko ya mchanga."

"Mawe yamnyanyue Mtukufu?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Mtukufu hanyanyuliwi na mawe," alisema Waziri, na hapo sauti yake ilianza kutetemeka kwa furaha ya mtu aliyepata la kusema kwenye taarifa ya habari. "Mtukufu ananyanyuliwa na wananchi."

Wajumbe walisimama wakapiga makofi, wengine wakiwa na sambusa mkononi. Sikujua alijaribu kueleza kwamba mfuko wa mchanga hausongamani, hauumwi, wala hautaki kwenda haja. Hakuna aliyemsikia. Makofi yalipoisha, aliomba jambo moja tu: komeo la chuma kule juu, kiti kikifika kikamatwe hapo, ili walioko kizimbani waweze kutoka.

"Komeo?" Waziri alikunja uso. "Kiongozi wa nchi afungwe komeo?"

Komeo likafutwa. Akaomba siku ya majaribio. Akajibiwa kwamba kujaribu ni kuwa na shaka. Akapewa kalamu, akatia saini, akarudi nyumbani.

"Wamechagua lipi?" aliuliza mama yake, akigeuza mihogo kwenye karai.

"La tatu."

"Si ulisema hilo la kujaza ukuta?"

"Ndiyo, mama."

Bi. Mwasiti aliichomoa mihogo, akaiweka kwenye gazeti lichuje mafuta. "Basi angalia lisimwangukie mtu," alisema.

*

Siku ya sherehe watu walianza kumiminika kabla jua halijakolea, waliotaka na walioletwa na malori. Mnara ulikuwa umesimama peke yake katikati ya nchi kama msumari kwenye ubao. Mtukufu alikuwa ameshaketi kwenye kiti chake chenye kivuli cha kitambaa chekundu, amevaa miwani myeusi na kofia, suruali yake ikiwa na mikunjo iliyopigwa pasi na watu wawili. Upande wa pili, mdomoni mwa shimo, kizimba cha chuma kilikuwa kimening'inia mlango wazi.

Wananchi wa mfano waliingia kwanza, waliochaguliwa na wakuu wa wilaya kwa utii wao. Wakajaa nusu ya kizimba. Kiti hakikutikisika. Wakaongezwa wengine, kisha wengine tena, mpaka kizimba kikaonekana kama gunia la dagaa. Kamba ilikuwa imekaza kama fimbo. Kiti kiko palepale chini, na Mtukufu anatazama mbele, kama mtu anayesubiri kinyozi.

Sasa ikawa balaa, maana kati ya pande mbili za kamba, mmoja ulikuwa na kasoro, na haukuweza kuwa ule wenye kiti. Waziri Mbwilo alikisogelea kizimba, akawatazama waliomo.

"Hawa watu ni wepesi," alisema.

Maneno hayo yakawaokoa viongozi wote waliokuwepo. Hujuma ilikuwa imegundulika. Watu wakatolewa mmojammoja, wakasimamishwa mbele ya askari.

"Kwa nini ni mwepesi?" askari alimuuliza mzee mmoja wa kwanza kutolewa.

"Sijala, afande."

"Kwa nini hukula?"

"Chakula hakuna."

"Unasema nchi haina chakula?"

Mzee aliliona shimo alilojichimbia. "Chakula kipo, afande. Mimi ndiye nilikataa kula."

"Ili iweje?"

Akapigwa kwa wepesi wake, na wa pili akapigwa kwa wepesi wake, na baada ya hapo waliobaki kizimbani walianza kujaza mifuko kokoto na kushikilia pumzi, wakiamini hewa nayo ni uzito. Walioonekana wepesi mno walibadilishwa na wapishi wa Ikulu, madereva wa mawaziri na kwaya ya kina mama wa chama, watu walioonekana kula. Hapo kiti kilitikisika. Kilinyanyuka kiasi cha kuingiza kisahani chini yake, kikarudi.

"Bado mtu mmoja," alisema Sikujua bila kufikiri. Alikuwa ameweka mkono kwenye kamba, na kwa muda ule alikuwa mhandisi tu, anafurahia hesabu inayokaribia kutoka.

Waziri Mbwilo aligeuka akautazama umati, na macho yake hayakuwa na kazi kubwa. Mstari wa mbele kabisa, mahali alipowekwa na binti yake ili aone vizuri, alikuwa ameketi Bi. Mwasiti, amevaa kanga mpya.

"Yule mama nani?"

Bwana Ngwalida akawahi kujibu kabla ya Sikujua.

"Kumbe suluhisho tulikuwa nalo nyumbani," alisema Waziri. "Mama, njoo."

Bi. Mwasiti alikuja, akitembea taratibu kwa sababu ya miguu. Alifika mlangoni mwa kizimba, akamtazama binti yake, si Waziri.

"Mwanangu, hiki kitu ni salama?"

Sikujua hakuwa amejaribu kamba ile na mzigo kamili. Hakuwa ameona udongo wa chini ya shimo. Kifuani alikuwa na kile kibandiko.

"Ni salama, mama. Ni nusu saa tu."

Mama akaingia. Mlango ukafungwa. Na kiti kikapanda, polepole mwanzoni, kisha kwa kasi, kizimba kikizama shimoni na kelele za waliomo zikizama nacho. Kilitua chini kwa kishindo, kwaya ikaanguka juu ya wapishi, na kule kileleni kiti kikasimama, chekundu, kikaonekana na wilaya zote. Nchi nzima ilishangilia. Bendi ilipiga wimbo wa taifa mara mbili, kwa sababu wa kwanza haukusikika kwa vifijo.

Hotuba ilikuwa fupi kuliko zote alizowahi kutoa. Sauti ya Mtukufu ilisikika kwenye vipaza sauti ikisema: "Nimeiona nchi. Ni nzuri. Nitakaa."

*

Watu walidhani ni mzaha wa wakubwa, wakasubiri. Jua likazama, wakasubiri. Kesho yake Waziri Mbwilo alikwenda chini ya mnara na kipaza sauti, akauliza kwa heshima zote kama Mtukufu yuko tayari kushuka.

"Nikishuka," ilisema ile sauti, "nitakuwa nimeshuka."

Chakula chake kikawa kinapandishwa kwa kikapu na kamba nyembamba aliyoivuta mwenyewe. Na kwa kuwa akitoka mtu mmoja tu kizimbani kiti kingeanguka, amri ilitoka kwamba asitoke mtu. Tena wasipungue. Ikaundwa Idara ya Uzito, na waliomo shimoni wakawa wanateremshiwa ugali na maharage mara mbili kwa siku, na Jumapili nyama.

Hapo ndipo nchi ilipoanza kuharibika kwa namna ambayo hata Sikujua hakuitarajia. Habari za ugali zilienea. Watu walikuja kutoka wilaya za mbali, wakalala ukingoni mwa shimo, wakiomba nao washushwe. Waliambiwa nafasi zimejaa. Wengine waliinama kunusa maharage mpaka askari walipowafukuza. Na wale wa chini, ambao wiki ya kwanza walilia watolewe, wiki ya tatu walikuwa wakitazama juu na kuwaita wenzao wepesi. Mkubwa wao alikuwa dereva mmoja aliyeitwa Kapilima, mwenye kifua kipana, aliyejichagua mwenyewe kugawa chakula.

Bi. Mwasiti hakuingia kwenye mambo hayo. Kizimba kilikuwa kimejaa, hakuna pa kujilaza, na miguu yake ilivimba kwa kusimama. Sikujua aliruhusiwa kushuka kwa ngazi kila siku kukagua nyaya na bolti, naye alitumia muda huo kumkanda mama yake magoti kupitia nondo.

"Nusu saa bado?" Bi. Mwasiti alimuuliza siku ya kwanza, kwa utani. Baadaye aliendelea kuuliza, na utani ulikuwa umetoka ndani ya swali.

Sikujua alikwenda kwa Waziri Mbwilo na pendekezo la mifuko ya mchanga. Mfuko mmoja uingie, mama yake atoke, hakuna kitakachobadilika.

"Mama yako ndiye aliyemnyanyua Mtukufu," alisema Waziri. "Wengine wote walisaidia, yeye ndiye aliyemnyanyua. Unataka nafasi hiyo upewe mchanga?"

Badala ya mfuko wakampa mama nishani. Ilikuwa ya chuma, kubwa kama sufuria, akavishwa shingoni kwa mnyororo. Daktari wa Idara ya Uzito aliifurahia sana kwa sababu zake.

Bi. Mwasiti alikufa akiwa amesimama. Wenzake walikuwa wamembana pande zote, kwa hiyo hakuanguka, na hawakugundua mpaka wakati wa chakula, alipokosa kunyoosha mkono. Sikujua aliposhuka, Kapilima alimsogelea kwenye nondo akiwa na uso wa kiungwana.

"Pole sana, Mhandisi. Sahani yake nimeila mimi. Nilijua yeye hataudhika."

Sikujua alimshika mama yake mkono kupitia nondo. Ulikuwa umeshapoa. Alikaa hapo mpaka askari alipomwita, kisha akapanda ngazi, akaenda wizarani kuomba maiti.

"Amekufa, ni kweli, na wizara imehuzunika," alisema Waziri Mbwilo. "Lakini uzito wake haujafa."

"Mheshimiwa, ni mama yangu. Anatakiwa azikwe."

"Atazikwa. Mtukufu akishuka tu."

Alipokuwa anatoka, alimsikia daktari akimnong'oneza Bwana Ngwalida kwamba ukiitazama kitaalamu, huyu wa sasa ana faida kuliko wengine, maana halishwi.

*

Kesho yake Sikujua alishuka shimoni kama kawaida, kwa kuwa hakujua pengine pa kwenda. Hakumtazama mama yake usoni. Alikagua bolti, kisha akaishika kamba kubwa, na mkono wake ukagundua jambo kabla ya akili. Siku ya sherehe kamba ile ilikuwa ngumu kama fimbo. Sasa ilibonyea. Aliisukuma, ikayumba kama kamba ya kuanikia nguo.

Alipanda juu akawauliza wapishi wapya wa Ikulu. Walimtazama pembeni, wakamwambia kwamba kikapu cha chakula kilikuwa hakivutwi siku nyingi sasa. Kinakaa palepale chini, wanakibadilisha kwa heshima. Akatazama kileleni. Juu ya kitambaa chekundu walikuwa wametua kunguru, na kila mara mmoja alijipenyeza chini ya kitambaa, akatoka, mwingine akaingia. Redio ilikuwa imeshatangaza kwamba ndege nao wanakwenda kumpongeza.

Kamati iliitishwa. Safari hii Sikujua hakutundika kitu ukutani. Aliwaambia alichokishika kwa mkono wake: kwamba upande wa kiti umepungua, unazidi kupungua, na mtu aliye hai hapungui namna hiyo. Aliwaambia kwamba Mtukufu amefariki, na watu wale wanaweza kutoka.

Alitegemea wamkamate. Hakuna aliyemkamata. Waziri Mbwilo aliegemea kiti chake, akaunganisha vidole juu ya tumbo.

"Una hakika?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Umemwona?"

"Sijamwona. Lakini kamba..."

"Hukumwona," alisema Waziri kwa upole. "Kwa hiyo inawezekana amefariki, inawezekana amepumzika. Si chini ya hapa wala si zaidi ya pale. Sisi hatujui. Bwana Ngwalida, wewe unajua?"

"Sijui, Mheshimiwa," alisema Ngwalida.

"Mimi pia sijui," alisema mjumbe wa pembeni, na neno likazunguka meza nzima, kila mmoja akilitamka taratibu, kama watu wanaoonja pipi waliyokuwa wamekatazwa tangu utotoni. Kila mmoja wao alikuwa na saini alizokwisha kuweka kwenye amri na hundi kwa jina la Mtukufu tangu alipopanda, na nyingine walikuwa bado hawajamaliza kuziweka.

"Mhandisi," aliendelea Waziri, "wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha, mbele ya kamati hii. Ukiwa hujui, usikimbilie kuchagua. Subiri. Nilikupuuza, na leo mbele ya wote naomba radhi. Tutasubiri."

Sikujua aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha aliondoka bila kuaga, akaenda moja kwa moja shimoni.

Askari wa mlango wa kizimba alimwona anafungua, akakoki bunduki.

"Mtukufu akianguka, nakupiga risasi."

"Akianguka, nipige."

Kapilima na wapishi walimsaidia kumtoa Bi. Mwasiti, si kwa huruma bali kwa sababu ya harufu. Walimvua nishani, ikabaki sakafuni. Walimpitisha mlangoni kwa taabu, wakamlaza kwenye turubai. Halafu wote, askari na kwaya na Sikujua mwenyewe, wakatazama juu, wakisubiri kiti kishuke.

Hakikushuka. Kamba haikutikisika hata kidogo.

Kapilima ndiye aliyeelewa kwanza, ukamwona uso unabadilika.

"Kwa hiyo, Mhandisi, sisi hatuhitajiki."

"Hamhitajiki. Hayupo tena. Tokeni, mlango uko wazi."

Hakutoka mtu. Kutoka juu ilianza kushuka harufu ya maharage yanayoungwa. Kapilima aliwageukia wenzake, wakateta kwa sauti ndogo, wakiyatupia macho masufuria na kuzitupia macho mbavu za watu waliokuwa wamelala ukingoni. Kisha akanyoosha mkono, akauvuta mlango kwa ndani, ukajifunga. Wakaishika kamba kubwa wote kwa pamoja.

"Moja," alisema Kapilima, "mbili."

Wakavuta na kuachia. Kule kileleni kiti kiliruka kidogo, kunguru wakatawanyika, na mkono wa koti ukachomoka pembeni mwa kitambaa chekundu, ukarushwa juu, ukaanguka. Wakavuta tena. Ukarushwa tena.

"Anapunga," alisema askari, na bunduki ikamshuka mkononi.

Umati ukingoni uliinuka kama mtu mmoja. Vifijo vilipasuka, bendi ikakimbilia vyombo vyake, na Waziri Mbwilo alionekana akitoka wizarani mbio, akivaa koti.

Turubai lilipokwisha kuvutwa juu kwa kamba za kuteremshia masufuria, Sikujua alipata mkokoteni kwa kumwachia mwenyewe saa yake ya mkononi. Alimsukuma mama yake peke yake mpaka makaburini, njia yote kelele zikimfuata mgongoni. Mchimba kaburi alikuwa mzee asiye na haraka. Alimtazama Bi. Mwasiti, akapima kwa macho, akaanza kulipanua shimo alilokuwa amemchimbia mtu wa kawaida. Baada ya muda alisimama kupumua, akasikiliza.

"Kuna nini huko?"

Sikujua aligeuka. Nchi ni tambarare, hata pale makaburini mnara ulionekana wote, na juu yake kile kitu chekundu kinachorukaruka.

"Mtukufu anapunga mkono," alisema.

Mzee aliweka jembe chini, akajifuta kiganja kwenye suruali, akanyoosha mkono juu na kupunga. Halafu akamtazama Sikujua, akasubiri. Sikujua naye akaunyanyua wa kwake, akapunga, akaendelea kupunga, mpaka mzee aliporidhika akainama kuokota jembe.